T Toa, F Funga

Jumatatu, 20 Mei

Daftari hili nililinunua la kuandikia vipimo vya injini. Vipimo vimeishia ukurasa wa kwanza, kwa hiyo kurasa zilizobaki nitaandika mambo yangu, maana ndani ya ua huu mtu akitaka kusema neno lake lazima amsubiri Mzee Ahmadi amalize la kwake, na Mzee Ahmadi ni baba yangu, namjua, hamalizi.

Leo Adrian kaja kuchukua pikipiki yake. Katoka Ipogolo, Iringa, mpaka huku kwetu Rujewa, kwa sababu aliambiwa injini ikifungwa na Baba inavuta gunia la mpunga kwenye tope hata ng'ombe wanaona aibu. Ni kweli. Injini za Baba zina kiki ngumu, asubuhi zinakutoa jasho, lakini zinavuta. Ila hazikimbii. Kwenye lami zikifika themanini zinaanza kulalamika. Adrian alitaka vyote viwili, kuvuta na kukimbia, ndipo akaja na kamshafti ya mbio, ambayo nundu zake zimepanda kuliko za kawaida, zinasukuma valvu ziingie ndani zaidi. Baba hakuipenda. Alisema kitu kikitoka kiwandani hivyo kilivyo kina sababu yake. Nikamwambia macho yake hayaoni tena maandishi ya filageji, vile vibati vya kupimia nafasi ya valvu, aniachie mimi. Akaniachia, lakini kigoda chake alikileta hatua mbili kutoka nilipokaa.

Nimeifunga mwenyewe mwanzo mpaka mwisho. Spana namba nane na namba kumi, pula ya magneti, kibano cha springi alichokichomelea Baba mwaka niliozaliwa kwa chuma cha kitanda, na spana ya kupimia mkazo ambayo nilikwenda kuiazima kwa fundi Anyelwisye kule Igawa. Nilipofika kwenye cheni ya ndani, Baba akaanza wimbo wake: T toa, F funga. Hakuna fundi aliyepita kwenye ua huu asiyeujua. Kwenye magneti, lile gurudumu zito linalozunguka na injini, zimechongwa herufi mbili. Ukitaka kutoa kamshafti unazungusha mpaka T ikae kwenye alama. Ukifunga, unaweka F. Vidoti vya sproketi, lile gurudumu la meno linalozungusha kamshafti, havikai sawasawa, vinapishana kidogo, na Baba anasema hiyo ni cheni kulegea, usihangaike nayo.

Iliwaka kiki ya nne. Adrian alicheka kama mtoto aliyepewa kifaranga cha kuchezea. Baba hakunisifu, ila jioni alimwambia jirani kwamba "binti yangu kafunga injini." Nimelisikia kwa masikio yangu.

Alhamisi, 23 Mei

Mavuno. Pancha saba, breki mbili, pumba za mpunga mpaka kwenye chai.

Jumatatu, 27 Mei

Shamsudin, mdogo wangu, naye anaitaka kamshafti kama ya Adrian. Anazitaka mbio za Ubaruku. Kila mwaka mavuno yakiisha, vijana wa pikipiki wanashindana kwenye njia ya mfereji, kila mmoja na gunia moja la mpunga limefungwa nyuma, na anayelidondosha gunia anachekwa na wenzake mwaka mzima. Safari hii ni Jumamosi tarehe sita Julai. Mwaka jana Shamsu alikuwa wa pili, na mwaka mzima ameongea kama aliyeibiwa.

Nimemwambia nitamfungia. Kwa nini nisimfungie? Ya Adrian inaruka.

Jumapili, 2 Juni

Adrian kaanguka.

Kanipigia mama yake, Mama Tekla, sauti ndogo kama anaongea kanisani. Jana mchana mwanawe alikuwa kwenye lami pale Ipogolo, akaivuta mpaka mwisho, injini ikajifunga ghafla na gurudumu la nyuma nalo likakwama. Pikipiki ilimburuza. Paja limevunjika mara mbili. Wamemtia chuma.

Halafu akasema, na hili ndilo linalonitafuna: "Mwanangu Kudra, mniombee radhi kwa mzee. Huyu mtoto kawaharibia kazi yenu kwa mwendo wake. Nimemwambia na yeye pale pale kitandani."

Nilisema pole, mama. Nikasema pole mara nyingi mno.

Jumatatu, 3 Juni

Kila anayeingia uani anajua kwa nini Adrian ameanguka. Mwuza mafuta anajua, mwenye mashine ya kukoboa anajua, hata mtu aliyekuja kuuliza njia anajua. Kaivuta mno. Vijana wa siku hizi. Baba anakubali, halafu anaongeza la kwake: na ile kamshafti. Akisema kamshafti ananitazama mimi.

Mimi nilipiga hesabu zangu. Valvu zilikuwa mpya. Mkazo niliupima. Nafasi ya roka, vile vidole vya kusukumia valvu, niliipima mara tatu. Injini nzima haijifungi kwa sababu mtu kavuta mafuta, injini imeumbwa ivutwe. Kuna kitu nimekosea na sikijui.

Jumatano, 5 Juni

Upepo. Sijala vizuri.

Jumamosi, 8 Juni

Tumegombana. Shamsu kaja na kamshafti yake, kaiagiza kimya kimya, imefungwa kwenye gazeti kama samaki. Nimekataa kuigusa. Akasema sawa dada, Anyelwisye wa Igawa atanifungia. Na ni kweli atamfungia. Anyelwisye alijifunza kwenye ua huu huu, kwenye kigoda hiki hiki, na hataki kujua Adrian yuko wapi.

Baba akaingilia. Alisema kamshafti ile irudi kwenye gazeti lake, na mimi nirudi kwenye kuziba pancha, mpaka siku nitakayomletea sababu. Si pole, si huruma, alisema, sababu. Alisema mbele ya wateja wawili.

Nilikasirika. Lakini nikiangalia upande wa pili, mzee ana haki. Nisipojua kilichomvunja Adrian, mdogo wangu atapanda pikipiki yenye ugonjwa ule ule, afungiwe na mimi au na mwingine. Nina wiki nne. Nimemwambia Shamsu anipe mimi ile kamshafti, asiende Igawa. Kakubali kwa sharti moja: tarehe sita yeye yuko Ubaruku, inaniuma au hainiumi.

Jumanne, 11 Juni

Nimefanya jaribio la udongo. Nilikwenda kwenye jaruba lililovunwa, nikachota udongo laini, nikaukanda kama ugali, nikaweka donge dogo juu ya pistoni ya Shamsu, nikapaka valvu mafuta zisinase. Nikafunga kila kitu na kamshafti mpya, T toa, F funga, nikazungusha kwa mkono taratibu mizunguko miwili, kisha nikafungua.

Valvu imeacha shimo kwenye udongo. Chini ya shimo udongo umebaki mwembamba kama karatasi ya sigara, nikiuinua juani mwanga unapita. Kwa mkono, polepole, baridi, inapita. Ikichemka na ikizunguka mara elfu nane kwa dakika, valvu inaipiga pistoni. Ndicho kilichomtokea Adrian. Kwa hiyo nimepata sababu, na sababu ni mimi: nimeweka kamshafti yenye nundu ndefu kuliko nafasi iliyopo.

Nimelia kidogo nyuma ya nyumba. Nikanawa, nikaziba pancha ya Mama Sabina.

Jumatatu, 17 Juni

Idd. Nyama ilikuwa ngumu. Baba kasimulia mbele ya wageni jinsi alivyobuni wimbo wake akiwa kijana, T toa, F funga, na wageni wakaitikia.

Alhamisi, 20 Juni

Nitaandika polepole maana bado siamini.

Niliamua nisikate tamaa na kamshafti ya Shamsu. Pistoni inaweza kuchongwa kidogo pale juu, valvu ipate pa kuingilia. Lakini ili nijue nichonge kiasi gani, lazima nijue pistoni inafika juu kabisa lini. Saa ya kupimia kama za mafundi wa Dar sina. Nilichukua spoki ya gurudumu, nikaitumbukiza kwenye tundu la plagi ikakaa juu ya pistoni, nikaifunga uzi mwekundu pale inapotokeza. Pistoni ikipanda, uzi unapanda. Pistoni ikifika mwisho, uzi unasimama. Nikazungusha magneti kwa spana, mbele, kidogo kidogo.

F ilifika kwenye alama. Uzi ulikuwa bado unapanda.

Nikafikiri nimekosea. Nikarudia. F ikafika, uzi unapanda. Nikaendelea mbele, T ikafika kwenye alama, na hapo uzi ukasimama. Nikapita T, uzi ukaanza kushuka. Nimerudia mara ishirini, nimehesabu. Nikachukua injini nyingine iliyokuwa kwenye benchi, ya mteja, nikaitumbukizia spoki. Ni hivyo hivyo. Pistoni inafika juu kwenye T. Kwenye F bado iko safarini.

Nikakaa chini kwenye simiti. Kwa sababu kuna jambo nililiona tangu nikiwa na miaka kumi na mbili na sikuwahi kuliuliza. Injini mpya tukiifungua kwenye T, vidoti vya sproketi vinakuwa vimenyooka sawasawa, kama mstari wa daftari. Tukiifunga kwenye F vinapishana. Inatoka imenyooka, inarudi imepinda, na sisi tunasema cheni imelegea. Hata cheni mpya kutoka kwenye mfuko wake tunasema imelegea!

Tumekuwa tukiruka jino moja. Injini zote. Kamshafti inatangulia pistoni jino zima, ndiyo maana kiki ni ngumu, ndiyo maana zinavuta tope na zinashindwa lami. Sifa yote ya Baba ni hilo jino. Na kwa kamshafti ya kiwandani halidhuru mtu, valvu haifiki mbali. Ila ukiweka kamshafti ya mbio, inafika.

F sijui ni ya nini. Najua tu si ya kufunga.

Ijumaa, 21 Juni

Nimefunga ya Shamsu kwenye T. Udongo umebaki mnene kama sarafu ya mia mbili. Vidoti vimenyooka. Nimevitazama kwa muda mrefu.

Sijamwambia Baba. Nilikwenda mpaka mlangoni kwake baada ya swala ya Ijumaa, nikamkuta anapanga spana zake kwa ukubwa, kwa vidole, maana kwa macho hawezi tena. Aliniuliza nimekuja na sababu? Nikasema bado natafuta.

Muoga mkubwa mimi.

Jumanne, 25 Juni

Shamsu kaijaribu. Kiki ya kwanza, laini, mguu wenyewe umeshangaa. Inakimbia, kaniambia, dada inakimbia! Nimemkatalia kuivuta mpaka mwisho kabla ya siku ya mbio, si kwa hofu, nilitaka pete za pistoni zizoee.

Baba alikuwa kwenye kigoda. Hakuiona lakini aliisikia. Akauliza kwa nini kiki yake imekuwa laini hivyo. Nikasema mafuta mapya. Akageuza kichwa kama kuku anayesikiliza.

Ijumaa, 28 Juni

Baba kaniuliza tena ya kiki. Nikasema tena mafuta.

Jumatatu, 1 Julai

Baridi ya asubuhi inaingia mifupani. Nimeota nimelishika gurudumu la Adrian na halizunguki.

Alhamisi, 4 Julai

Niko Ipogolo, kwa Mama Tekla. Nimekuja kuifungua injini ya Adrian nione kwa macho yangu. Nimemwambia Baba naenda kumjulia hali mgonjwa, na huo si uongo wote. Kurudi ni Jumamosi alfajiri, niwahi Ubaruku.

Nimemwamkia Mama Tekla kamwene, kwa Kihehe changu cha kuokoteza, akafurahi, akanichinjia kuku. Afadhali angenifukuza.

Ijumaa, 5 Julai

Injini wameiweka kwenye banda la kuni, imefunikwa kiroba. Nimeifungua peke yangu. Valvu imepinda kama kidole cha mzee, pistoni ina tundu. Cheni haikukatika, imebaki kama nilivyoiacha kwa mkono wangu. Nikaweka T kwenye alama na kutazama vidoti. Jino moja. Hakuna tena cha kubahatisha.

Nikaingia ndani nimwambie Adrian. Nilikuwa nimeshajipanga maneno. Amelala kwenye kitanda sebuleni, amekonda, mguu umeinuliwa kwenye mito, simu mkononi. Mama yake alikuwa anapita na beseni, akasema mbele yangu kwamba mtu akipenda mwendo basi apende na kitanda. Alisema kama utani. Adrian hakucheka. Alisubiri mama atoke, ndipo akaniuliza.

"Dada Kudra, nimekuwa naangalia mafundi huku kwenye simu. Wahindi, Wafilipino, wote. Wote wanafunga kwenye T. F wanasema ni faya, pale plagi inapochoma. Au za kwao ni tofauti na zetu?"

Alinitazama kwa heshima kabisa. Hakuwa ananitega. Anamwamini Baba, ananiamini mimi, alitaka tu kuelewa.

"Ni tofauti," nikasema.

Neno lenyewe limetoka mdomoni mwangu na limo humu nyumbani mwao. Akaitikia, akaizima simu, akageukia ukutani.

Jumamosi, 6 Julai, saa nne asubuhi

Basi la alfajiri limeharibika, tunasubiri jingine hapa Ipogolo. Mbio zinaanza saa nane. Nimempigia Baba kumwambia nitachelewa. Alikuwa na furaha, sauti ya zamani kabisa.

Akaniambia nisijali. Akasema jana baada ya swala ile kiki laini ilimkosesha raha, akaifungua ya Shamsu mwenyewe, kwa vidole, na kwa msaada wa Shamsu kumsomea herufi. "Ulikosea mwanangu. Uliisahau kwenye T. Hiyo kamshafti siipendi, lakini usihofu, nimeifunga."

Nimeifunga. Nikamuuliza ameifunga wapi. Akacheka, akasema Kudra, inafungwa wapi kwani?

Shamsu ameshaondoka na gunia lake tangu asubuhi. Simu yake ameiacha nyumbani, maana mwaka jana ilimdondokea mferejini. Nimempigia Anyelwisye, yuko huko huko, inaita haipokelewi. Mara tatu. Kwenda polepole mpaka Ubaruku injini itakubali. Itakufa pale watakaposema haya nendeni.

Saa nne na nusu

Nimemwambia.

Nilimpigia tena, mkono mmoja kwenye sikio kwa sababu ya malori. Hakukuwa na namna ya kulipamba. Nilisema Baba, F si funga. Nilisema nimepima kwa spoki mara ishirini, pistoni inafika juu kwenye T. Nilisema ile ya Adrian tulifunga jino moja mbele, na jana umeifunga hivyo hivyo ya Shamsu, na leo ataivuta mpaka mwisho.

Nilisikia kigoda chake kinaburuzwa.

"Umelijua lini?"

Nikasema tangu tarehe ishirini mwezi uliopita.

"Wiki mbili," alisema. "Umekaa nalo wiki mbili, ukaniacha niitie mkono."

Akakata. Sikupata hata nafasi ya kumwambia amtafute mtu, atume mtu. Nimepiga tena, hapokei. Mimi niliogopa kumvunja moyo baba yangu, na sasa nimemtuma akamvunje mwanawe. Ya Rabi, nilinyamaza kwa ajili ya nani?

Saa tisa, Igawa

Nimeshuka. Anyelwisye kapiga. Kasema mbio zimesimamishwa, njoo. Nikamuuliza Shamsu yuko wapi? Kasema yuko hapa anatukana. Nikakaa chini kwenye changarawe, nikamshukuru Mungu kwa matusi ya Shamsu.

Jumapili, 7 Julai

Niandike kama nilivyosimuliwa na Shamsu, ambaye bado ananuna.

Walikuwa wamepangwa kumi na mmoja kwenye mdomo wa mfereji, injini zinanguruma, mwenye bendera ameinua mkono. Ikatokea pikipiki ya zamani, ile ya Baba ambayo haijatoka bandani miaka sita, inakuja katikati ya njia inayumba, watu wanaruka pembeni. Juu yake Baba. Na kanzu. Macho yale yasiyoona mita kumi! Nasikia aliwauliza njia watu wanne, na mfereji mmoja nusura aingie. Alipofika mbele ya mstari hakushuka vizuri, pikipiki ilimlalia mguu, wakamwinua. Akawasukuma. Akaenda mbele ya gurudumu la mbele la kila mmoja, akigusa taa kwa mkono, mpaka alipoigusa ya mwanawe akaijua.

"Zima," akasema. "Nimekufungia vibaya."

Shamsu alibisha, alisema Baba, watu wanaangalia. Na watu walikuwa wanaangalia kweli, robo tatu yao wamefundishwa na yeye. Baba akachomoa ufunguo mwenyewe. Kisha akageuka, akawaambia wote waliofungiwa injini na yeye, au na mtu aliyefundishwa na yeye, na wameweka kamshafti ya mbio, wazime. Pikipiki nne zilizimwa. Ya Anyelwisye ilikuwa mojawapo. Mmoja akauliza kwa nini, mzee? Baba akasema wimbo wangu una kosa.

Nilipofika nyumbani jioni alikuwa amekaa kwenye kigoda, mguu umevimba, ameshika spoki yangu yenye uzi mwekundu. Niliomba radhi. Alisema amenisikia. Alisema nimwoneshe. Nikamshika mkono, nikauweka kwenye uzi, nikazungusha. F. Uzi unapanda kwenye vidole vyake. T. Umesimama.

"Tena," akasema.

Nikazungusha tena. Alitaka tena, na tena. Mwisho akaniuliza F ni ya nini basi. Nikamwambia alichoniambia Adrian, ni faya, pale plagi inapochoma. Nikamwambia na jibu nililompa Adrian. Hakunigombeza, na ningependa angenigombeza. Baadaye akasema ua ni wangu kuanzia leo. Kasema nimeleta sababu, ila nimeichelewesha, na yeye aliikosa miaka arobaini, kwa hiyo mtu asimcheke mwenzake.

Jumatano, 10 Julai

Siku tatu Baba yuko kwenye simu. Mimi natafuta namba, yeye anaongea. Anapiga kwa kila aliyepita kwenye ua huu, Igawa, Chimala, Makambako, hata mmoja aliyeko Tunduma. Anaanza kwa salamu ndefu, anauliza watoto, halafu sauti inashuka: "Nilikufundisha vibaya." Wengine wanadhani anaaga dunia. Wengine wanambishia, wanasema mzee mbona zinavuta? Anawajibu zivute, lakini mwenye kamshafti ya mbio afungue leo.

Nimehesabu thelathini na mbili. Waliobaki hatuna namba zao. Hao ndio wanaoninyima usingizi.

Jumapili, 14 Julai

Tumekwenda Ipogolo wawili, mimi na Baba. Alivaa koti juu ya kanzu. Njia nzima hakuongea, jambo ambalo sijawahi kuliona tangu nizaliwe.

Mama Tekla alikuwa ametoka kanisani. Alipomwona Baba anachechemea akakimbilia kuleta kiti, akaanza tena habari ya mwanawe na mwendo wake, na kuomba radhi. Baba akainua mkono.

"Mama, keti. Mtoto wako hakukosea kitu. Injini inavutwa. Kosa ni langu, nililifundisha miaka arobaini, na binti yangu akalifunga kama nilivyomfundisha."

Mama Tekla hakukaa. Alisimama na leso yake ya kanisani, akamtazama Adrian kitandani, na nadhani alikuwa anayakumbuka maneno yote aliyomrushia tangu Juni, moja moja. Akaenda akaushika mguu wa mwanawe, ule mzima, akalia hapo. Adrian alimpapasa kichwa huku haya imemshika, maana wageni tulikuwepo.

Nikasogea nikasema na mimi langu. Nilisema Ijumaa ile uliniuliza nikakudanganya. Adrian akasema alijua. Kasema uso wangu hauwezi kudanganya hata mtoto, lakini aliona kama si heshima kuniuliza mara mbili.

Baba alikuwa amevuta kiti karibu na kitanda. Alitoa magneti kutoka kwenye mfuko wa koti, aliibeba njia nzima na mimi sikujua, akamwekea Adrian kifuani. Akatafuta herufi kwa kidole gumba mpaka akazipata, akauchukua na mkono wa Adrian akauweka hapo.

"Uliuliza F ni ya nini," akasema. "Nisomee wewe. Mimi siioni, na nilipokuwa naiona sikuisoma."

Adrian akasoma. Akasema faya, mzee. Baba akairudia, polepole, faya, kama mtu anayejifunza jina la mgeni. Akauliza na T? Adrian akamwambia topu, juu kabisa. Wakarudia hivyo mara tatu nne, mzee anauliza na kijana anajibu, mpaka Mama Tekla akafuta macho, akaenda kubandika maji ya chai.